Trela la Clency Halikuwa Chumba cha Kulala

Mume wangu, Clency Moutou, hakufukuzwa nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu ni miaka tisa tangu tumzike, na bado nalisikia kwenye foleni ya mkate na hata kwenye ngazi za kanisa: kwamba Mis Lisebie alimtupia mumewe nguo nje, naye maskini akanunua trela la kubebea miwa akaligeuza chumba. Wengine wanaongeza kwamba mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa ramu, hoteli zikazikataa meli zake za mapambo, akawa anazunguka nazo barabarani kama muuza karanga. Nimefundisha jiografia katika shule ya wasichana hapa Curepipe, nyanda za juu za kisiwa chetu, miaka thelathini na mmoja, na nimezoea kusahihisha majibu ya watu ambao hawakusoma swali. Basi nasahihisha.

Clency alitengeneza meli za mfano, za kuwekwa ukumbini na kutazamwa. Hakuchonga gogo moja akaliita meli. Alilaza mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, akasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, moja moja, akayavisha mbao nyembamba kama ukucha, sawasawa na walivyofanya wajenzi wa meli zenyewe. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, na kamba za milingoti zilifungwa na wanawake watatu. Mmoja wao, Mirella, alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote Curepipe, na mdomo mwepesi kuliko vidole.

Mwaka 1991 hoteli moja ya Flic en Flac, pwani ya magharibi, ilinunua meli zetu saba. Baada ya miezi miwili zikarudishwa kwa pikapu pamoja na barua ya meneja, Bwana Seegobin. Aliandika kwamba kamba zote zimelegea na meli zinaonekana zimechoka. Hoteli ilikuwa inataka meli nyingine kubwa, ya mita mbili, isimame mlangoni ambapo kila mgeni angeiona. Kama hizi saba hazitengenezeki, kazi hiyo ataifanya mtu mwingine, na hoteli wenzake wakimuuliza habari za Moutou, hatawaficha.

Meli zilishushwa jioni, Clency akazipanga mezani bila kuzigusa. Asubuhi Mirella alifika wa kwanza, akagusa kamba moja kwa kidole.

"Bosi! Hii mbona inalia kama gitaa?"

Clency akazipitia zote saba. Hakuna hata uzi mmoja uliolegea.

"Huyu Seegobin ananitania," alisema. "Anatafuta njia ya kunipunguzia bei."

Akazirudisha zilivyo. Wiki mbili baadaye zikaja tena, na safari hii Seegobin alipiga simu.

"Bwana Moutou, hebu njoo uone mwenyewe."

"Nimeshaona. Ziko sawa."

"Ziko sawa? Juzi mgeni kaniuliza kama tumeanika nguo!"

"Mwambie mgeni wako avae miwani."

"Naona miwani unaihitaji wewe. Au una jambo jingine, wenyewe mnalijua huko."

Hilo "jambo jingine" lilipanda mlima kutoka pwani haraka kuliko basi. Kabla ya Jumapili, jirani yangu Gilberte alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye ua wa mianzi unaotutenganisha. "Mis, samahani, mimi sisemi, watu ndio wanasema. Eti mikono ya mzee siku hizi…"

Nilimwambia mikono ya mzee haimhusu. Lakini jioni ile mezani, Mungu ananiona, nilimwambia Clency: "Nionyeshe mikono yako."

Aliweka kijiko chini. Akanyoosha mikono yote miwili juu ya sahani ya wali na dengu, vidole vimetanuliwa.

"Tazama vizuri, Mis."

Watu wote waliniita Mis, isipokuwa yeye. Yeye aliniita hivyo nikimuudhi tu. Mikono ilitulia kama meza yenyewe. Akaokota kijiko akamaliza kula, na kwa siku nne nilichosikia kwake ni kuomba chumvi tu.

Siku ya tano nilikuwa naanika. Curepipe ni mvua na ukungu, hilo halihitaji mwalimu. Kamba yangu ya kuanikia ilikuwa ya pamba, na kila mvua ikinyesha ilikaza mpaka vigingi vinainama. Likitoka jua la siku mbili ililegea, nami nikaiinua kwa mti katikati ili shuka zisiguse majani. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka yote bila kufikiri. Siku ile nilisimama pale na kibanio mdomoni. Kila mwaka niliwaeleza wasichana wa kidato cha tatu kwamba nyanda za juu zina unyevu na pwani ya magharibi ni kavu, nikawachorea na mishale. Na nyuzi za meli za Clency zilikuwa za pamba.

Nikakata nyuzi mbili kutoka kwenye bunda lake, mita moja moja, nikafunga nati ya chuma mwisho wa kila uzi. Mmoja niliuning'iniza karakanani. Wa pili niliupeleka Flic en Flac kwa basi, nikamwomba Seegobin autundike nyuma ya mlango wa ukumbi wake, ambao hauna dirisha la kioo hata moja, upepo wa pwani unapita tu.

"Madamu, hii ni dawa?"

"Ni somo. Usiliguse siku tatu."

Siku ya tatu nilikwenda na Clency na rula. Uzi wa karakanani tulikuwa tumeupima asubuhi, haujabadilika. Wa hotelini ulikuwa umerefuka sentimita moja na zaidi. Tuliurudisha nyumbani, na kulipokucha ulikuwa umefupika tena. Clency alipima mara tatu, kisha akakaa juu ya kigoda.

"Kwa hiyo mimi sikukosea."

"Hukukosea."

"Na Seegobin hakusema uongo."

"Hakusema."

Akaweka rula chini. "Basi mwongo ni Curepipe."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu ile jioni ya wali na dengu.

Kuanzia hapo hakuhitaji ushauri wa mtu. Meli ifungwe kamba mahali itakapoishi, alisema. Na kwa kuwa hakuna hoteli itakayokubali gundi na vumbi la msasa mbele ya wageni, karakana yenyewe itakwenda. Seegobin alishauona ule uzi kwa macho yake, akakubali Clency ajaribu kwa ile meli ya mita mbili. Alimwendea Mjomba Deoraj, mkulima wa miwa wa kijiji cha Henrietta, aliyekuwa na trela limelala kwenye majani.

"Limebeba miwa miaka ishirini hili," Deoraj alisema. "Meli halijawahi."

"Litajifunza."

"Lioshe vizuri basi, Clency. La sivyo sisimizi watakwenda hotelini bure kabla yangu mimi."

Alifanya kazi miezi mitatu, mbele ya macho ya mtaa mzima. Aling'oa nguzo za pembeni. Trela la miwa halina springi, kwa hiyo alilifungia springi za basi lililokufa, asije akafika na unga badala ya meli. Akajenga kuta za plaiwudi na paa la bati, na madirisha marefu ya pande mbili yanayofunguka yote, maana alitaka hewa ya ndani iwe ileile ya nje. Meza ilifuata urefu wa ukuta, na jiliwa la kubania mbao kwenye kona. Droo alizivika kitambaa nilichokata kwenye koti langu la zamani, ili vikapi vya kupitishia kamba, vidogo kama punje za dengu, visirukeruke njiani. Milingoti ilisafiri imelazwa ndani ya bomba la maji ya mvua. Mabunda ya uzi yalikaa kwenye rafu isiyo na mlango, na karibu na mlango wa trela alitundika nati yangu juu ya rula. Mpaka nati isimame kwenye alama moja siku tatu mfululizo, hakuna uzi uliokatwa.

"Na sisi tukalie nini?" Mirella aliuliza. "Au tufunge kamba tumening'inia kama hiyo nati?"

Akawapigia benchi.

Mwili wa ile meli ya mita mbili, bila milingoti, ulihitaji kitu laini chini yake. Nikatoa godoro la kitanda cha wageni. Asubuhi pikapu ilipolivuta trela kutoka uani, Gilberte alikuwa ameshafika kwenye mianzi.

"Mis, mzee anahama?"

"Anakwenda kazini."

"Na godoro?"

"Ni la meli."

"La meli," alisema, na nikaona jinsi alivyolibeba lile neno kwenda nalo. Chumba chote cha kulala ambacho watu wamemjengea mume wangu kilianzia kwenye godoro hilo. Clency alifanya kazi siku kumi na moja nyuma ya jiko la hoteli, na kila jioni alirudi kwangu kwa basi. Soksi zake nilizifua mimi.

Seegobin hakusifu kitu. Alisema atasubiri miezi miwili, na akasubiri. Kisha akapiga simu, nikaipokea mimi.

"Madamu, leo nimepita na kalamu yangu nikagonga kila kamba."

"Na?"

"Zinaimba zote. Mwambie mumeo alete trela, azifunge upya na zile saba. Na nina rafiki mwenye hoteli Grand Baie anamtaka."

Miaka kumi na miwili trela lile lilizunguka kisiwa hiki, na hakuna meli iliyorudishwa tena kwa Moutou. Sasa liko kwa Mirella, ambaye ana wanawake watano wa kufunga kamba na bado anaongea kuliko wote. Nati bado inaning'inia mlangoni.

Wiki iliyopita Gilberte alinisimamisha hapa hapa kwenye mianzi. Kumbe jioni ile ya wali na dengu alikuwa upande wa pili, na masikio yake hayajazeeka. "Lakini Mis, ile siku ulipomwambia akuonyeshe mikono. Uliwahi kumwomba radhi?"

Mikono ya Clency ilikuwa imara mpaka siku alipokufa. Hilo ndilo watu wanapaswa kulijua, nami nimeliandika. Swali la Gilberte sikulijibu, na hapa silijibu.