Mwenye Shamba ni Nani

Majirani walimwita Mama Alfajiri, maana jua halikuwahi kumkuta kitandani. Baba yake alipopooza, yeye ndiye aliyemgeuza na kumlisha, na akitoka hapo anaingia shambani. Kaka yake mkubwa alikuwa mjini anauza vipuri vya magari. Akija, anakuja na sukari na haraka zake.

Baba akafa, shamba likabaki bila hati, kama mashamba yote ya pale. Kisha serikali ikaleta mradi wa kupima ardhi, kila mtu aandikiwe chake. Mama Alfajiri alifurahi mpaka majirani wakamtania kwamba anaolewa upya.

Siku ya kupimwa kaka naye akatokea, viatu vinang'aa, akikanyaga matuta kama anakanyaga mayai. Mpimaji, kijana mchangamfu, akauliza mbele ya watu wote, "Haya, mwenye shamba ni nani hapa?"

Sasa jamani, mwanamke aliyelelewa akaleleka, kaka yake mkubwa amesimama pale, aseme "mimi"? Maneno yalimtoka yenyewe: "Kaka yupo. Mwenyewe ni yeye."

Alitegemea kaka naye akatae kidogo, aseme hapana, dada ndiye mwenyewe. Si ndivyo watu wanavyopeana nafasi? Kaka akakohoa tu, akatazama viatu vyake. Mpimaji akaandika.

Majina yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya ardhi, Mama Alfajiri alilitafuta lake hadi macho yakamuuma. Karani akamwonea huruma. "Shangazi, weka pingamizi. Muda bado upo."

Akaweka. Baraza likakaa, na mbele ya kaka yake akasema, "Shamba ni langu. Nimelilima mimi." Mwenyekiti akamwita shahidi, fundi wa baiskeli, jirani wa upande wa bondeni.

"Siku ya kupima ulisikia nini?"

Fundi akajikuna shingo. "Nilimsikia akisema mwenyewe ni kaka yake."

"Wewe! Si unajua nilikuwa nampa heshima tu?"

"Najua, Mama Alfajiri. Lakini nimeulizwa nilichosikia."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Mama, heshima haina mahali pa kuandikwa hapa."

Nje, kaka alimfuata amenuna. "Mbona umeniaibisha, dada? Kwani nimekufukuza? Lima tu."

"Mpaka lini?"

"Nitakuambia."

Hati zikatoka kijiji kizima, ya shamba lile ikiwa na jina la kaka. Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo, udongo ukawa unateremka bondeni kila siku. Mama Alfajiri alikuwa ameotesha miche ya miti kwenye makopo nyuma ya jiko, ya kuushikilia ule mteremko. Ilipofika magotini akampigia kaka simu.

"Shikamoo, kaka. Udongo unakwenda na maji. Naomba nipande miti."

Huko upande wa pili honi zililia. "Panda maharage, dada. Miti hapana. Mti unakaa, unakuwa alama ya mwenye shamba, halafu tutakuja kusumbuana bure."

"Sawa, kaka."

Asubuhi akabeba makopo yote hadi kwa fundi wa baiskeli, akayapanga mlangoni. Fundi alishika spana mkononi, hajui aifiche wapi aibu yake.

"Ya nini yote haya, Mama Alfajiri?"

"Panda upande wako. Wewe una hati."