Maharage ya Maman Felisita

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hainitoki kichwani hata nikifumba macho. Ilikuwa kwetu Gikundamvura, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na maharage yalikuwa yameanza kutoa maua.

Mimi ndiye niliyekuwa kijana msomi wa kilima chetu. Mzungu wa kilimo alinipa kofia na kaptula ya kaki, akanifanya msimamizi wa kahawa. Amri yake ilikuwa moja: katikati ya mibuni pasipandwe kitu. Kahawa ilikuwa ya Ulaya. Tumbo la mkulima halikuulizwa.

Siku hiyo mimi na Mzungu tulifika kwa Maman Felisita, mjane aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe, mama yangu alipofariki. Alikuwa amepanda maharage kati ya mibuni. Nilijua tangu alipofukia mbegu, nikanyamaza. Mzungu akayatazama, akanitazama mimi, akawasha sigara. Watu walikuwa wamejaa njiani, na mmoja akapaza sauti: "Leo tutaona kama hiyo kofia iko na kichwa ndani!"

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonishinda. Ningeweza kusema, "Bwana, tumwache avune kwanza." Kuna wengine ambao Mzungu huyo alikwisha kuwaachia wavune. Badala yake niliinama, nikaanza kung'oa.

"Papa, ngoja ikomae," Maman Felisita aliniomba, akiniita kwa heshima kama mtu mzima. "Batoto batakula nini?"

Sikuinua uso. Mzungu akamaliza sigara, akapanda gari lake, akaenda zake. Nami nikaendelea kung'oa, maana watu walikuwa bado wanatazama.

Jioni mama yule akaniita kwake. Nilidhani ataka kunitukana. Kumbe alikuwa ameyachuma majani ya maharage yale na kuyapika. Akaniwekea sahani mbele ya wanawe.

"Kula, mutoto wangu. Ni kazi ya mikono yako."

Nikala. Nani angekataa chakula cha mama? Majani yakaisha upesi, na kabla ya msimu mwingine wa mvua mama huyo alivuka mto Rusizi na wanawe kwenda Kongo kutafuta riziki. Hakuniaga. Baadaye nilisikia kuwa kitinda mimba alifia njiani kwa njaa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu huyo nimemlea mpaka naye kazeeka. Miaka mingi nilijitetea kwamba nilitumwa. Lakini nilipong'oa shina la mwisho, aliyenituma alikuwa amekwisha kuondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na kaptula ile niliivaa mwenyewe.

Sasa nawe umepata kazi ya kusimamia watu kule Kamembe. Nimefurahi, na nimeogopa. Siku watakapokutuma kwa mnyonge, sema neno lako kabla hujainama. Pengine utafukuzwa kazi. Afadhali. Na watu wakikucheka, waache wacheke. Kicheko hakifiki hata jioni.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kula jasho lako, na lisikukwame kooni.