Mshipi Uliosukwa Bungoma

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ukiuliza mjini Kitale kama kuna duka la vifaa vya kuvua samaki kwa nzi, ulielekezwa kwenye duka la dawa za wadudu. Mimi nilielekezwa huko mara mbili. Lakini usikate tamaa upesi. Kila kitu nilichohitaji kilikuwepo kwenye maduka madogo ya kwetu, ila hakuna duka lililojua kwamba linacho.

Nieleze kwanza. Nzi huyu si wa kweli. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Trauti, samaki wa mito ya baridi ya Mlima Elgon, humrukia akidhani ni chakula.

Babangu aliyajua haya yote kwa macho tu. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akimfuata mtoni mzungu aliyemwajiri shambani, kule Kwanza, kaskazini mwa Kitale. Mzungu alirusha mshipi na Baba akabeba samaki. Kila alipoisogelea fimbo aliambiwa, "Wewe shika kikapu." Shamba lilipouzwa, mzungu alimwachia fimbo hiyo pamoja na kigurudumu chake cha kukunjia uzi. Mshipi wenyewe ulikuwa umeoza. Fimbo ikakaa juu ya kabati yetu mtaani Matisi hadi mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi na Baba akawa mzee wa magoti mabovu.

Januari moja aliniita. Huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake.

"Mama, huu ndio mwaka wa mwisho magoti haya yanapanda mlima," alisema. "Nataka nivue mmoja. Mmoja tu, kwa mkono wangu."

Mvua huanza Machi, na mto ukishachafuka trauti hamwoni nzi. Basi nilikuwa na wiki chache.

Mamangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Wazee wetu waliotoka Mlima Kenya hawakuwa wakila samaki. "Vueni," akasema, "lakini hiyo nyoka ya maji haiingii jikoni kwangu."

Nilianzia kwa mzee mmoja mwenye duka dogo karibu na msikiti wa Kitale. Aliuza nyavu na ndoano kwa watu wanaoelekea Turkana, ziwani. Alinitolea ndoano ambayo ungeweza kutundikia koti.

"Ndogo zaidi, mzee wangu."

"Binti, unavua samaki au unavua sisimizi?"

Hapo nikajifunza jambo la kwanza, ambalo nawe litakufaa: namba ya ndoano ikipanda, ndoano inapungua. Nilikuwa nikiomba namba tatu, nne, naye kwa adabu ananiletea majitu. Nilipoomba kumi na nne alitabasamu, akapuliza vumbi kwenye kiboksi. "Hizi nilitaka kuzitupa," akasema. Nikanunua zote, na uzi wa nailoni juu yake.

Jumamosi hiyo Baba aliingia uwanja wa kanisa na fimbo yake. Akaurusha mshipi wa nailoni. Ukapanda kidogo, ukamwangukia mabegani. Akarusha tena, ukamvaa kofia.

"Mwalimu!" jirani yangu aliita kutoka kwenye kamba ya nguo. "Mzee anavua panya?"

 Baba alikunja mshipi polepole, na kama hakuna aliyeniona nikilia, ni kwa sababu nilijifanya nafunga kiatu.

Sikuwa nimeelewa. Katika uvuvi wa kawaida kipande cha risasi kinachofungwa kwenye uzi ndicho kizito, nacho huuvuta uzi mwepesi. Katika uvuvi wa nzi, nzi hana uzito wowote, kwa hiyo mshipi wenyewe lazima uwe mzito: mnene upande wa mkononi, ukipungua taratibu hadi mwembamba kule mwisho. Fikiria mjeledi wa mchunga ng'ombe. Mshipi kama huo haukuuzwa popote kwetu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bungoma kwa semina ya walimu. Mchana nikaingia kwenye duka dogo la uzi wa kufumia vitambaa vya makochi. Mwenye duka alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyekuwa akimsuka mteja hapohapo kati ya marobota. Nikatazama vidole vyake. Msuko ulianza mnene kichwani, ukaishia mwembamba kama mkia wa panya. Nikasimama pale kama aliyeonyeshwa dhahabu.

Nikamwambia mimi ni mwalimu, nataka msuko kama huo, wa mita kumi.

"Mita kumi! Hiyo nywere ni ya nani, mwarimu?"

"Ya babangu."

"Haki? Na ako na nywere?"

"Ana kipara."

Walicheka yeye na mteja wake mpaka kichana kikaanguka. Kisha akafunga nyuzi kwenye kitasa cha mlango na kuanza. "Ni rasta tu hii, bana. Unaanza na nyuzi nyingi, unaacha moja moja njiani." Jioni mshipi ulikuwa umevuka duka, ukatoka nje, ukafika kwa muuza ndizi. Hakuna fundo lililoonekana.

Nikirudi nilishuka garini kwenye soko la Misikhu kutafuta manyoya. Yanayofaa ni ya shingoni mwa jogoo mwekundu, kwa kuwa ni magumu na hayanywi maji upesi. Kosa langu hapo lilikuwa ukarimu.

"Nitakulipa bei ya jogoo," nilimwambia muuza kuku, "unipe manyoya ya shingo tu. Nyama baki nayo."

Akarudi nyuma hatua moja. Mama wa karibu aliyeuza mboga akaacha kupanga mafungu. "Ati manyoya ya shingo, na nyama aache? Usichukue pesa yake! Huyo ako na mambo."

Sokoni kwetu, anayekataa nyama na kutaka manyoya hajaja kwa heri. Nikamchukua jogoo mzima, nikatangaza kwa sauti jinsi nitakavyomkaanga na vitunguu, na nyuso zikalegea. Nikampakata hadi Kitale. Mama alimpika. Mimi na Baba tukafunga nzi kumi na mmoja kwa uzi wa cherehani, tukaupaka mshipi nta ya nyuki ili uelee.

Februari ikiwa inaisha tulilipia kibali cha kuvua, tukapanda mlima na fimbo na kikapu. Baba alipumzika mara saba. Mtoni alisimama kwenye maji ya magotini, akainua fimbo, na ule mshipi wa Bungoma ukaenda nyuma, ukanyooka, ukarudi mbele juu ya maji kama mtu aliyeitwa jina. Miaka kumi na mitatu ya kutazama ilikuwa imekaa mkononi mwake ikingoja.

Samaki wa kwanza alimkosa. Wa pili pia. Mawingu yakaanza kushuka mlimani.

Wa tatu alimeza. Fimbo ikapinda na Baba akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga, hata siku ya harusi yangu. Alimleta taratibu, hatua kwa hatua, hadi kwenye mawe, akamwinua: madoa meusi, ubavu wa rangi ya waridi, urefu wa kiganja na nusu.

Kisha akanigeukia, macho yamejaa maji, akacheka. "Wewe," akasema, "shika kikapu."

Nikakishika kwa mikono miwili.

Nyumbani, Mama alitoa jiko nje ya mlango, kwa sababu neno lake ni neno. Alimkaanga yule samaki huku ameangalia pembeni. Baba alikaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, akimtazama mkewe. Mama akamega kipande cha mkia, aonje chumvi.

Aliionja mara tatu.