Mzazi au Mlezi

Nilijiunga na chuo nikiwa na mvi mbili tatu nilizozificha chini ya kitambaa cha kichwa. Kilikuwa chuo cha ufundi hapa Nakuru, nami nilikwenda kusomea umeme. Siku ya kwanza kijana mmoja aliinuka, akanipisha kiti cha mbele, akaniuliza kwa adabu zote, "Mathe, unatafuta mtoto wako? Ako class gani?" Nikamwambia mtoto ninayemtafuta ni mimi mwenyewe. Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo jina langu likawa Mathe. Sikuchukia. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi ya hayo na watu niliokuwa nikiwapikia.

Watu waliniuliza kwa nini umeme, wala si ususi au upishi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika shamba la maua upande wa Longonot, nikipanga maua kwenye chumba cha baridi mpaka vidole vikakataa kukunjika vizuri asubuhi. Mashine ya baridi ikizima, sisi wanawake tulisimama kando tukingoja. Fundi alikuja na mkoba wake, akafungua kisanduku cha ukutani, akagusa hiki na kile, mashine ikanguruma, akaenda zake. Hakuna msimamizi aliyethubutu kumfokea. Nilimwonea wivu mtu yule waziwazi. Shamba lilipopunguza wafanyakazi nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa, nilisema pesa ya kuniaga itanipeleka chuo, na yeyote asiyependa ameze wembe.

Ilinipeleka kweli, ila haikunifikisha. Karo iliila karibu yote kabla sijajua kutofautisha nyaya. Nilikuwa nimepanga chumba Kaptembwo, na Jumamosi nilizunguka nikiwafulia watu nguo ili nilipe kodi. Siku nyingine nilishika bisibisi darasani mikono ikinuka sabuni, na tumbo likinguruma kuliko ile mashine ya shambani. Ndipo wenzangu wakaniambia habari za upkeep, pesa ya kujikimu ambayo serikali huwapa wanafunzi wasiojiweza. Kuna sehemu ya mkopo, ambayo utairudisha ukipata kazi, na kuna sehemu ya ruzuku, ambayo hairudishwi. Ukichunguzwa na kuonekana huna kitu, ruzuku inakuwa kubwa. Ukionekana una watu wa kukusaidia, unaachiwa vumbi.

Nikajisemea, hapo nimefika. Ikiwa ni mashindano ya kukosa, mimi nitachukua kombe. Sikuwa nimeelewa bado. Nilidhani ile pesa ni ya maskini, kumbe ni ya watoto wa maskini.

Fomu ilijazwa kwenye mtandao. Nilikwenda kwa mama mmoja mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na steji ya matatu, mwanamke wa rika langu, mwenye kucha ndefu zilizopiga kelele kwenye vibonye. Alinijazia jina, kitambulisho, kozi, kisha akasimama.

"Mzazi ama mlezi ni nani?"

"Niandike mimi. Mimi ni mtu mzima, najilea."

Akajaribu. Ikakataa. "Haiwezi, dada. Inataka mtu mwingine. Umeolewa?"

"Nilikuwa nimeolewa."

"Hakuna hiyo ya nilikuwa. Ni yes ama no."

Nikasema no. Alipobonyeza hapo, fomu ikafungua ukurasa mpya, ikauliza jina la baba, kazi ya baba, mifugo ya baba, namba ya simu ya baba. Nilikuwa nimepita miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nimeachika, nimeajiriwa, nimefutwa, na kompyuta ilikuwa imenirudisha nyumbani kwa baba kwa kidole kimoja. Nilitaka kucheka. Nikamtajia namba ya baba.

Inafaa niseme mambo yalivyokuwa kati yangu na baba. Kwetu ni upande wa Kariandusi, juu kidogo ya machimbo yale ya udongo mweupe, na baba alifanya kazi huko mpaka kifua kikamchosha. Nilipoolewa alipewa ng'ombe wa mahari, akawapenda kuliko alivyotupenda sisi. Ndoa yangu haikupata mtoto. Baadaye haikupata hata amani, nikarudi nyumbani na sanduku. Jamaa za mume wangu wakaja kudai ng'ombe wao, na baba akawafungulia zizi bila kubishana. Aliwatazama wakiteremka mpaka barabarani, akaingia ndani.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza, ningejua pa kushika. Alininyamazia tu. Mama alinitandikia jikoni, kwa sababu chumba changu kilikuwa kimeshakuwa stoo ya mahindi na baba hakusema mahindi yaondolewe. Wageni wakija na kuuliza huyu ni nani, baba aliangalia pembeni akamwachia mama ajibu. Nilikaa hivyo muda, kisha nikaenda kutafuta kazi kwenye maua. Baadaye nilikuwa nikienda nyumbani Krismasi na kwenye matanga, na yeye aliniuliza habari za mvua ya huko ninakotoka. Nilimpenda na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa wakati mmoja, na nilikuwa nimekubali kwamba nitazeeka hivyo.

Basi majibu ya fomu yakatoka. Nilikuwa nimewekwa katika kundi la wenye kujiweza. Nilichopewa hakingetosha hata nauli ya kwenda kukilalamikia.

Nilienda kwenye ofisi inayoshughulikia wanafunzi pale chuoni. Mama wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Aligeuza kompyuta ili nami nione, akanisomea polepole: mzazi alipigiwa simu, akathibitisha kwamba anamtunza mwanafunzi kikamilifu, na kwamba nyumbani kuna ng'ombe.

"Sasa mathe, baba yako amesema anakulea. Hapo serikali itafanya nini?"

"Baba yangu hajanipa hata sumni tangu niolewe."

"Basi apige yeye mwenyewe akatae. Aseme hawezi. Namba waliyompigia nayo anayo kwa simu yake. Wewe huwezi kumkatalia, lazima itoke kwa mdomo wake."

Nilitoka pale na hasira. Ng'ombe gani? Wale walioko zizini ni wa mwalimu mmoja wa Gilgil, ambaye humlipa baba maziwa ya jioni ili awachunge. Nilijua kabisa alichofanya. Ameulizwa na mtu wa serikali kama ana ng'ombe, akatazama zizini, akawaona, akasema wapo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa maneno ya mtoto kwa mzazi.

Nilifika Jumamosi jioni. Mama alinipokea jikoni, akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili. Uso wake uling'aa mpaka nikashtuka.

"Umesikia baba yako alisema nini?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja."

Hakunisikia nilivyosema. Aliketi kwenye kigoda akaanza kunisimulia, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zingemnyang'anya habari ile. Simu ililia wakiwa wanakunywa chai, na jirani wawili walikuwepo. Msichana mmoja mwenye sauti nzuri akajitambulisha, akanitaja kwa majina yangu yote, akamuuliza baba kama ananijua. Baba akasema, "Huyo ni msichana wangu." Akaulizwa kama anaweza kunitunza. Hapo mama akafuta macho kwa leso.

"Akasimama," mama akaniambia. "Akasimama na simu yake, mbele ya wale watu, akasema, huyu ni mtoto wangu na hapa ni kwao. Sijafa. Siwezi kushindwa kumtunza mtoto wangu. Akila, akilala, hayo ni juu yangu."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinipotea. Nilimwelewa baba wakati ule kuliko nilivyowahi kumwelewa. Mtu wa kwetu ambaye binti yake ameachika haulizwi swali kama lile bure. Kwake halikuwa swali la pesa. Yule msichana wa simu alikuwa anamuuliza, bila kujua, kama nina kwetu au sina, na akijibu kwamba hawezi, amenitupa barabarani masikio ya majirani yakisikia. Alikuwa amekaa miaka yote hii bila mtu wa kumuuliza. Mimi sikumuuliza, mama hakumuuliza. Aliulizwa na mgeni, akajibu.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia nikiwa na njaa, nikiwa na kodi ya nyumba inayoningoja Kaptembwo, nikalia kwa furaha na kwa uchungu mpaka mama akadhani nimepata habari mbaya.

Usiku ule chumba changu kilikuwa wazi. Mahindi yalikuwa yamehamishiwa jikoni. Mama alisema baba ndiye aliyeyahamisha, gunia baada ya gunia, na kile kifua chake. Jumapili nilikwenda nao kanisani, nikaketi kati yao. Baada ya ibada baba alinipeleka kwa mzee wa kanisa akamwambia, "Huyu wangu anasoma mambo ya stima. Serikali hunipigia mimi kuhusu yeye." Yule mzee akanipa mkono kwa heshima. Baba alikuwa amenyoa ndevu.

Sijui kama mtu aliyezaliwa na kupendwa bila maswali anaweza kuelewa siku mbili zile. Nilijiona mdogo. Nilikula kila nilichopakuliwa. Na kila nilipomtazama baba, nilijua nimekuja kumwomba nini.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo sana. Lakini nikinyamaza narudi mjini kufua nguo za watu, na muhula unaofuata sina karo wala kodi, na ule mkoba wa fundi nimeuona tu kwa macho. Baba hakuwa na uwezo wa kunisomesha, na alijua, na mimi nilijua. Neno lake lilikuwa zuri lakini halipiki. Jumatatu asubuhi, baada ya chai, nikapiga moyo konde.

Nilimweleza polepole, mama akiwa mlangoni. Nilimwambia kwamba pesa ile hutolewa kwa wasio na mtu. Kwamba kwa sababu alisema ananitunza, nimenyimwa. Kwamba ni lazima apige simu yeye, aseme hanitunzi na hawezi, na ng'ombe si wake. Nilisema ni maneno ya fomu tu, hayana maana yoyote kwetu sisi. Nilisema hivyo mara kadhaa, na kila nilipoyarudia yalizidi kuwa uongo.

Baba aliinuka. Alitoka, akaenda zizini, akakaa huko muda mrefu akiwa amewapa mgongo wale ng'ombe wa watu. Mama hakunitazama. Aliporudi aliingia chumbani mwake, akatoka amevaa koti lake la kanisani, akalifunga vifungo vyote. Ndipo akanipa simu nimtafutie ile namba.

Ilipokelewa na msichana. Nadhani ni yule yule. Baba alijitambulisha kwa majina yake na ya baba yake, akamkumbusha kwamba waliwahi kuongea. Kisha akasema, akitazama ukutani:

"Nilikwambia namtunza msichana wangu. Haikuwa ukweli. Simtunzi. Siwezi. Hapa kwangu hana kitu. Hata hawa ng'ombe ni wa mtu mwingine."

Alisema yote, bila kuruka hata moja, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu. Nilitamani ardhi inimeze. Msichana alianza kumjibu kwa haraka, Kiswahili na Kiingereza vikiwa vimechanganyika, na baba akaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa, halafu akanipa simu.

"Madam, pole sana," msichana akaniambia. "Mzee ameongea poa, lakini appeal zilifungwa wiki mbili zimepita. Huwa tunahesabu kutoka siku majibu yaliwekwa kwa portal, si siku uliyaona. Hiyo statement yake nitai-update, itakuwa kwa file yako, lakini haiwezi change kitu mwaka huu. Na mwaka ujao lazima uwe bado uko chuo ndio u-apply tena."

Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Nikakata simu nikaishika mkononi, nikihesabu kichwani vitu vya kuuza katika chumba changu cha Kaptembwo na kuona haviwezi kufika hata katikati ya muhula. Nilijua sitarudi darasani, nilijua pale pale, kabla hata sijasimama.

Baba alikuwa bado amesimama wima ndani ya koti lake, akinitazama usoni kama mwanafunzi anayengoja alama.

"Nimesema vile ulikuwa unataka?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Umesema vile nilitaka."