Chai ya Rangi ya Jirani

Jirani yetu wa Kanazi alikamua ng'ombe watatu kila asubuhi, akapeleka maziwa yote kwa binti za Audax, kisha akarudi kunywa chai ya rangi. Tulimwona mjinga. Audax alipokwenda vitani Uganda alimkabidhi ng'ombe hao mbele ya wazee, wawe mali ya binti zake, baba zao wadogo wasije wakawanyang'anya.

Vita vilipokwisha Audax alirudi mzima, akataka kumchinja ng'ombe mmoja kwa ajili ya sherehe. Jirani akafuta mikono kwenye majani, taratibu, kama kawaida yake.

“Karibu nyumbani, ndugu. Ila hawa si wako tena.”

“Si mimi niliyekupa?”

“Hukunipa mimi. Uliwapa wanao.”

Audax akaketi. Jirani akammiminia chai, ya rangi kama yake.