Fuatino wa Vaitoa, Aliyeitika Saa ya Sala

Kifuu kiligonga mtungi gizani kama mtu anayebisha hodi, wala hapakuwa na mkono uliokishika. Ndivyo wazee wa kisiwa cha Savaii wanavyosimulia usiku wa mwaka 1871, Fuatino alipozaliwa kijijini Vaitoa, binti wa shemasi. Alikua mpole, mwimbaji hodari, akaolewa, akajaliwa watoto.

Vaitoa ilisifika kwa ibada. Jioni baragumu la kombe likilia, kila ukoo ulijifungia katika sala, na vijana walilinda barabara asipite mtu. Aliyevunja amri alifukuzwa kijijini pamoja na ukoo wake.

Mwezi Juni 1904, wimbo ukiendelea, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka kwenye mawe meusi ya volkano. Ilikuwa ikiita, "Fuatino! Fuatino!" Nyumba zote ziliisikia. Zote zikaongeza sauti ya wimbo.

"Imba, mke wangu," mumewe alimsihi. "Tutawalaza wapi watoto?"

Fuatino aliwakumbatia wanawe, maana aliwapenda. Lakini alisema, "Nimemwomba Mungu anisikie. Nami nijifanye kiziwi?" Akatoka.

Barabarani mpwa wake alimzuia kwa rungu. "Shangazi, rudi! Saa hizi hata mashetani wako kwenye sala!"

"Basi wamekuzidi, mwanangu. Nipishe."

Juu ya mawe alimkuta Pisaina, mjane aliyefukuzwa kijijini akiwa mjamzito. Alikuwa amejifungua, naye amekufa. Mwili ulikuwa umekakamaa, baridi tangu asubuhi. Kifuani pake mtoto mchanga alikuwa kimya, akinyonya hewa. Ile sauti ilikuwa imekoma.

Fuatino alimfunga mtoto kifuani akarudi naye. Baraza lilimfukuza na ukoo wake wote. Wakajenga kibanda palepale kwenye mawe, wakala viazi vikuu na mvua ikawanyeshea, na yule mtoto akakua kati ya wanawe. Hakuwahi kuwalaani waliomfukuza. Alifariki mwaka 1929, na jioni ile, wasema, wimbo uliwakauka midomoni watu wa Vaitoa wote kwa pamoja, wakasikia jinsi nje kulivyokuwa kimya.

Wakaenda kumzika kwa machozi. Tangu hapo kijiji hicho hukaa kimya kidogo kabla ya kuimba, kikisikiliza. Nasi tumwige, ndugu wapendwa: sala isiwe ukuta. Jioni moja, katika kimya hicho, msichana mdogo aliuachia mkono wa mama yake, akasimama.

"Kuna mtu analia nje."