Usilibane Mno Tundu la Lenzi

Siku ile naikumbuka hata vumbi lake, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu juzi uliponionyesha picha ulizopiga harusini ukaniuliza kwa nini zina ukungu ilhali kamera ni mpya. Keti. Chai ipo, na mimi siku hizi sina haraka ya kwenda popote.

Ilikuwa Garissa, miaka ya tisini, kiangazi kimekaza. Baba yangu, mtu wa Lamu, alikuwa na studio ndogo mjini, nami nilikuwa msichana wa kumfuata kila aendako huku nikijiona fundi kumshinda. Kamera aliyonipa ilikuwa ya nusu fremu. Kila picha ilikaa kwenye nusu ya nafasi ya kawaida ya filamu, kwa hiyo mkanda mmoja ulitoa picha maradufu. Baba aliipenda kwa ubahili tu, Mungu amrehemu. Natamani hata leo nimsikie akinigombeza kwa kupoteza filamu.

Basi akaja studio Ayeeyo Halimo, bibi mfugaji wa Kisomali, na ayeeyo kwao ndiyo bibi, amefura kwa hasira. Mwanawe Adan alikuwa amewauza ngamia wao wote kabla ukame haujawamaliza, na lori la mnunuzi lilikuwa njiani. Tangu biashara ile ifanyike, mama hakumpa mwanawe hata salamu.

"Biga bicha ya ngamia," alimwambia Baba. "Kubwa. Kila moja uso yake ionekane fizuri. Nitaweka kwa nyumba ya Adan, aone kila asubuhi kitu ameuza."

Tukaenda naye kisimani, nje ya mji, upande wa njia ya Dadaab. Adan alikuwa akiteka maji, na mama yake akampita kama hamjui. Ngamia walikuwa wametawanyika, mmoja karibu nasi, mwingine kule mbali kwenye miiba. Mimi nikajua la kufanya. Nilishajifunza kwamba tundu la lenzi likiwa dogo, wa karibu na wa mbali wote hutokea wazi. Nikazungusha pete hadi namba ishirini na mbili, tundu dogo kabisa.

Baba akanishika mkono. "Unaiua picha, binti yangu."

"Lakini wote wataonekana, Baba!"

"Wataonekana wote, na wote watakuwa na ukungu. Mwanga ukiubana hivyo hutawanyika, kama maji ya mpira ukiuziba mdomo kwa kidole. Kwenye filamu kubwa usingeuona sana. Hii yako ni ndogo na bibi anataka picha kubwa. Tukiikuza, na ukungu tunaukuza. Rudi namba nane, tundu la kati."

Nilinuna. Niliona ananiumbua mbele ya mteja. Nikamuuliza kwa kiburi, sasa kwa namba nane nitawapataje wote? Ayeeyo, ambaye subira ilikuwa imemwishia, akataka kujua shida ni nini. Baba akamweleza kwamba kama ngamia wangesimama umbali mmoja kutoka kwa kamera, tundu la kati lingetosha.

"Hiyo tu?"

Ayeeyo akaenda kwenye hori la maji akaanza kuimba wimbo wa kunyweshea. Wallahi walikuja wote, wakajipanga kandokando ya hori, na kila alipotaja jina kichwa kimoja kikainuka. Nikaweka nane, nikapiga. Sauti yake ilikatika kabla majina hayajaisha.

Lori likaja. Hilo silisimulii, linanichoma hadi leo.

Baba aliikuza ile picha ikawa kubwa kama sinia. Ayeeyo akaiinamia, akawataja ngamia wake mmoja mmoja kwa kidole, hata kope zao zinaonekana. Kisha kidole kikasimama. Kando ya ngamia wa mwisho, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepaangalia siku ile, alikuwa Adan. Ameikumbatia shingo ya ngamia, uso umeelekea kwetu, mashavu yamelowa.

"Huyu nalia?" akauliza. "Kijana yangu nalia?"

Ayeeyo akaiviringisha picha taratibu, akaificha ndani ya shuka lake.

"Hii siweki kwa ukuta," akasema. "Nabeleka kwa Adan, na salamu."

Mwanangu, kamera yako nayo ni ya kihisi kidogo, kile kinachopokea mwanga badala ya filamu, sawa na nusu fremu yangu. Usikimbilie ishirini na mbili. Tulia kwenye nane, ukibanwa sana kumi na moja, na watu wako wapange mstari mmoja badala ya kulisumbua tundu. Hilo ni la ufundi. La pili ni la maisha: ukimkasirikia mtu, mwangalie vizuri kwanza. Kama ningeiacha pete ile kwenye ishirini na mbili kwa ubishi wangu, machozi ya Adan yangekuwa doa tu la kijivu, na mama yake angeitundika hukumu yake ukutani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono uliotulia na jicho lenye huruma, na watu unaowapiga picha warudi nyumbani wakipendana.